Huyo Sardou alipotelea wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwandishi wa michezo ya redio, naishi Tanga. Hivi karibuni rafiki yangu alinionyesha opera ya Tosca yenye tafsiri chini ya picha, nikaitazama mpaka saa nane usiku. Kwenye maelezo wameandika kwamba hadithi ile ilitoka kwenye tamthilia ya Mfaransa anayeitwa Victorien Sardou. Nimemtafuta. Wanasema alikuwa tajiri na maarufu kuliko waandishi karibu wote wa jukwaa wa zama zake. Lakini tamthilia zake sioni zikichezwa, na kila anayemtaja anamtaja kwa kejeli, eti alikuwa "fundi" tu. Alikuwa nani? Alipotelea wapi? Na mimi ninayetakiwa kutoa kipindi kipya kila wiki, nihangaike kumsoma au niachane naye?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo neno "fundi", maana naona limekukera. Kwetu fundi ni sifa. Fundi cherehani, fundi seremala, fundi wa ngoma: ukimwita mtu fundi umempa heshima yake. Wahakiki wa Ulaya wakimwita mwandishi fundi wanamaanisha kwamba anajua kupigilia misumari lakini nyumba aliyoijenga haina mtu ndani. Sardou aliitwa hivyo tangu ujana mpaka kaburini. Mimi nimemsoma kwa miaka mingi na kumfundisha kila nilipopata upenyo, kwa hiyo nikupe msimamo wangu mapema: alikuwa fundi kwelikweli, kwa maana zote mbili. Na kilichompoteza ni kwamba ufundi wake ulikuwa wa kubebeka. Wenzake waliubeba wakaondoka nao, yeye akabaki na majina ya tamthilia.

Alizaliwa Paris tarehe 5 Septemba 1831. Ukoo wake ulitoka Le Cannet, kusini mwa Ufaransa karibu na Cannes, walikokuwa na mizeituni. Baridi kali ya msimu mmoja ikaua miti, familia ikafilisika. Baba akahamia Paris kutafuta riziki: akawa mtunza hesabu, akawa mwalimu, akaandika vitabu vya sarufi. Baadaye mambo yalipombana akarudi kusini, na kijana akabaki mjini kujitegemea. Alikuwa ameanza kusoma udaktari. Fedha zikaisha, akaacha. Akawa anaishi kwa kuwafundisha wageni Kifaransa, kuwafundisha watoto Kilatini na hesabu, na kuandika makala za kamusi elezo za bei chee. Usiku anaandika tamthilia.

Ya kwanza kufika jukwaani ilikuwa La Taverne des étudiants, yaani baa ya wanafunzi, katika ukumbi wa Odéon tarehe 1 Aprili 1854. Odéon iko kwenye mtaa wa vyuo, na wanafunzi wa mtaa ule walikuwa hawachelewi kupiga miluzi. Uvumi ukatangulia kwamba mwandishi huyu mgeni ametumwa na serikali kuja kuwatukana wanafunzi. Hapakuwa na lolote la hivyo, lakini uvumi hauombi ushahidi. Usiku wa kwanza ulikuwa kelele tupu, na baada ya maonyesho matano mchezo ukaondolewa.

Baada ya hapo ni mkosi juu ya mkosi. Tamthilia yake kuhusu Bernard Palissy, yule mfinyanzi wa karne ya 16, ilikubaliwa na ukumbi uleule; uongozi ukabadilika, makubaliano yakafutwa. Nyingine ilikubaliwa na ukumbi wa Ambigu, meneja akafariki. Nyingine ikafikishwa kwa Montigny, meneja wa Gymnase, naye akamwonyesha Eugène Scribe, mzee aliyetawala jukwaa la Ufaransa kwa zaidi ya miaka thelathini. Scribe akachukizwa na onyesho moja la mapenzi, na habari ikaishia hapo. Sardou akashikwa na homa ya matumbo, akalala kwenye kachumba chake cha darini katikati ya miswada iliyokataliwa, akingoja kufa.

Hapo ndipo jirani mmoja wa kike katika jengo lilelile akaja kumuuguza. Aliitwa Laurentine de Brécourt. Alimuuguza mpaka akapona, wakaoana mwaka 1858, na kumbe dada huyu alikuwa anafahamiana vizuri sana na Virginie Déjazet, mwigizaji kipenzi cha Paris, ambaye mwaka 1859 alikuwa anafungua ukumbi wake mwenyewe na anatafuta michezo. Ukiandika haya kwenye kipindi chako, mhariri atakwambia umetia chumvi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Déjazet, aliyekuwa amevuka miaka sitini na bado anapenda kucheza nafasi za vijana wa kiume, akamcheza Figaro kijana katika Les Premières Armes de Figaro, na jina la Sardou likaanza kulipa kodi ya nyumba. Laurentine hakufaidi sana: alifariki mwaka 1867. Sardou alioa tena mwaka 1872, binti wa mtunzaji wa makumbusho ya Versailles.

Sasa twende kwenye ufundi wenyewe, maana ndiko swali lako linakoelekea.

Scribe ndiye aliyeweka kanuni za kile Wafaransa walichokiita mchezo ulioundwa barabara. Mimi hupenda kuuita mchezo uliosukwa, kwa sababu sisi tuna neno msuko, na neno hilo limebeba picha sahihi kabisa: ukili unapita juu, unapita chini, unapotea, unaibuka upande wa pili, na mwishoni hakuna uzi unaoning'inia. Watazamaji wanapewa siri ambayo baadhi ya wahusika hawaijui. Siri inafungwa kwenye kitu kidogo cha kushikika: barua, ufunguo, pete. Kitu hicho kinapita mkono hadi mkono. Bahati ya mhusika inapanda na kushuka, na kila pazia linapofungwa hali imegeuka kuliko lilivyofunguliwa. Kuna onyesho moja kubwa ambalo ukumbi mzima unalingoja, na mwandishi akilikwepa amewaibia watu nauli zao.

Sardou alijifunza hayo kwa njia ambayo mpaka leo naona ni shule bora kuliko madarasa yangu yote. Alikuwa anachukua tamthilia ya Scribe, anasoma sehemu ya kwanza tu, anafunga kitabu, kisha anaandika sehemu zilizobaki mwenyewe kutokana na yale yaliyopandwa mwanzoni. Akimaliza anafungua kitabu na kulinganisha. Yaani alikaa mezani kwa yule yule aliyemkataa, bila mwenyewe kujua.

Matunda yalionekana mwaka 1860 kwenye Les Pattes de mouche, iliyochezwa Gymnase, ukumbi uleule uliomfungia mlango. Jina hilo neno kwa neno ni "miguu ya nzi", maana yake mwandiko wa ovyo, ule ambao sisi tungesema kuku kaparua. Msichana Clarisse aliwahi kumwandikia barua kijana Prosper, akaificha ndani ya sanamu ndogo ya mapambo waliyoitumia kama sanduku lao la posta. Kabla barua haijachukuliwa, Clarisse akaozwa kwa mwanamume mwingine, mwenye wivu. Miaka mitatu barua imelala ndani ya sanamu. Prosper anarudi, anaipata, anakataa kuirudisha, na binamu wa Clarisse, Suzanne, mwanamke mwerevu kupita wote jukwaani, anaapa kwamba ataipata na kuiangamiza.

Itazame hiyo barua inavyotembea. Inatafutwa na iko mbele ya macho ya watu. Inatumika kuwashia taa, inaungua nusu. Kipande kinatupwa dirishani. Kipande hicho kinaokotwa na kusokotwa kuwa kikoba cha kubebea mdudu na mtu anayekusanya wadudu. Baadaye kijana mwingine, akikosa karatasi, anaandika barua yake ya mapenzi mgongoni mwa ileile. Na wakati wote mume yuko mita chache tu, anaipita, karibu anaigusa. Ukisimulia kwa ufupi hivi inaonekana upuuzi. Ukikaa ukumbini unashindwa kupumua, kwa sababu wewe unajua karatasi ile ni nini na yeye hajui.

(Hatari yake naijua pia. Niliwahi kuongoza mchezo wa wanafunzi uliosimama juu ya barua moja, na usiku wa onyesho barua ikasahaulika nyuma ya pazia. Mwigizaji wangu akatoa mfukoni tiketi ya basi, akaisoma kwa machozi, kurasa mbili nzima. Ukumbi ulicheka mpaka mwisho. Mchezo uliosukwa ukikatika uzi mmoja haurekebishiki.)

Kuanzia hapo Sardou hakushuka tena kwa karibu miaka hamsini. Nisikuchoshe na orodha. Aliandika vichekesho vya kuwacheka matajiri wapya wa Paris, maigizo ya historia yenye mandhari ya gharama ya kutisha, na michezo ya muziki pamoja na Offenbach. Mwaka 1877 alichaguliwa kuingia Académie française, baraza la heshima la lugha ya Kifaransa. Alikuwa na nyumba kubwa Marly-le-Roi, nje ya Paris, yenye njia iliyopangwa masanamu ya sfinksi. Akiongoza mazoezi alikuwa anapanda jukwaani mwenyewe na kucheza kila nafasi, ya malkia na ya mtumishi, akionyesha mkono uwekwe wapi na kiti kisogezwe lini. Wengine humhesabu miongoni mwa waongozaji wa kwanza wa kisasa, na sioni kosa katika hilo.

Alikuwa pia na upande ambao wanafunzi wangu waliupenda kuliko tamthilia zake. Aliamini mizimu. Mwaka 1858 alichora, kwa madai kwamba mkono wake unaongozwa na roho ya Palissy yuleyule mfinyanzi, nyumba anayoishi Mozart kwenye sayari ya Jupita. Mchoro upo, ulichapishwa kwenye jarida la Allan Kardec, kiongozi wa waamini mizimu, na ni mzuri, umejaa mapambo kama nakshi za mlango wa mbao wa Pwani. Mwaka 1897 akaandika kabisa tamthilia iitwayo Spiritisme. Mtu aliyepanga kila kitu kwa rula jukwaani alikuwa nyumbani anangoja meza zigonge zenyewe.

Namna alivyoipata Patrie! ya mwaka 1869 inakuonyesha kichwa chake kilivyofanya kazi. Alianza na swali, kama mtu wa hesabu anayetafuta jibu la mlinganyo: ni dhabihu gani kubwa kuliko zote ambayo mtu anaweza kuitoa kwa ajili ya nchi yake? Jibu alilolipata: kumsamehe mwanamume aliyelala na mke wako, kwa sababu nchi inamhitaji. Jibu likishapatikana ndipo akatafuta mahali na wakati, akaangukia Brussels ya mwaka 1568 chini ya Wahispania. Rysoor, kiongozi wa wanaopanga uasi, anajua kwamba mke wake ana mpenzi na kwamba mpenzi huyo ana jeraha la upanga mkononi. Hajui ni nani. Kisha anamwona rafiki yake Karloo, nguzo ya uasi wenyewe, na mkono wake. Onyesho zima linaning'inia kwenye kiganja kimoja chenye kovu. Unaona? Wazo kubwa, kitu kidogo.

Alikuwa na pua ya kunusa habari za mjini pia. Mwaka 1880 Wafaransa walikuwa wanabishana juu ya kurudisha talaka, na sheria yenyewe haikupita mpaka 1884. Sardou, akishirikiana na Émile de Najac, akawapa Divorçons!, yaani "tuachane". Mke kijana amechoshwa na ndoa na anamtaka kijana aitwaye Adhémar. Adhémar anapata simu ya maandishi ya uongo inayotangaza kwamba sheria imepita. Mume, badala ya kupiga kelele, anafurahi: basi tuachane kwa wema, mchukue, mwenzangu, hongera. Mara moja Adhémar, akiwa sasa ndiye mume mtarajiwa, anaanza kuwa na wivu na kuchosha, na mke anatoroka kwa siri kwenda kula hotelini na mumewe. Ni kichekesho ambacho bado kina meno. Kama ningepewa kikundi na miezi mitatu, hicho ndicho ningekichagua.

Siasa zilimuunguza mara kadhaa. Alikuwa mtu wa kihafidhina, na mwaka 1872 aliandika Rabagas, akimcheka mwanasiasa wa kelele za barabarani anayegeuka mara tu anapoalikwa ikulu; watu wakamwona mwanasiasa Gambetta humo. Lakini kishindo kikubwa kilikuwa Thermidor, iliyofunguliwa Comédie-Française tarehe 24 Januari 1891. Tamthilia hiyo inauonyesha utawala wa Robespierre, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, kupitia karani anayeiba mafaili ya watu waliopangiwa kukatwa vichwa, naye anafika mahali ambapo kumwokoa binti mmoja ni kuweka faili la mtu mwingine badala yake. Wanajamhuri wakaona Mapinduzi yametukanwa, tena katika ukumbi unaolipwa na serikali. Fujo ikazuka ukumbini, na baada ya maonyesho machache mchezo ukapigwa marufuku. Ni katika mjadala wa bunge juu ya marufuku hiyo, tarehe 29 Januari, ambapo Georges Clemenceau alisema maneno ambayo Wafaransa wanayanukuu mpaka leo, kwamba Mapinduzi ni kitu kimoja kisichogawanyika. Wengi wanaoyanukuu hawajui kwamba yalizaliwa kwenye ugomvi wa mchezo wa kuigiza.

Miaka miwili baadaye akarudi kwa Napoleon na kicheko. Madame Sans-Gêne, aliyoiandika na Émile Moreau, inamhusu mfua nguo aliyeolewa na askari, askari akapanda mpaka kuwa jemadari na mke akawa dachesi mwenye ulimi wa sokoni. Napoleon anamwita kumkaripia. Yeye anatoa karatasi ya zamani: deni la kufuliwa nguo, ambalo luteni mmoja maskini aitwaye Bonaparte hakulilipa. Mfalme wa Ulaya nzima ameshikwa kwa bili ya dobi. Mwigizaji Réjane aliicheza mwaka 1893, na onyesho hilo peke yake lilitosha kujaza ukumbi.

Sasa Tosca, iliyokukesha.

Mwaka 1882 Sardou alimwandikia mwigizaji Sarah Bernhardt tamthilia ya Fédora, na wakawa kama chanda na pete: saba kwa jumla alimwandikia, mpaka La Sorcière ya 1903. (Aina moja ya kofia ya pama bado inaitwa fedora kwa sababu ya jina hilo. Na bango la Gismonda, mojawapo ya hizo saba, ndilo lililomtoa msanii Alphonse Mucha gizani mwanzoni mwa 1895.) La Tosca ilifunguliwa Porte Saint-Martin tarehe 24 Novemba 1887. Yote yanatokea Roma, kuanzia mchana wa tarehe 17 Juni 1800 mpaka alfajiri ya kesho yake, siku tatu baada ya vita vya Marengo, ambako Bonaparte aliwashinda Waustria.

Wewe umeona sehemu tatu; Sardou alikuwa na tano, na watu zaidi ya ishirini. Kwenye opera, mateso ya Mario, mpenzi wa Tosca, na kuuawa kwa Scarpia, mkuu wa polisi, yote yamo katika jumba la Palazzo Farnese. Kwa Sardou, Farnese kuna sherehe tu: Malkia wa Naples anashangilia ushindi juu ya Bonaparte, inaletwa barua, anaanza kuisoma mbele ya wageni, na kumbe ni habari ya kushindwa. Anazimia. Barua tena! Mateso yako kwenye nyumba ya Mario nje ya mji, na kifo cha Scarpia kiko kwenye ngome ya Sant'Angelo.

Kifo hicho kitazame taratibu. Scarpia ameandika hati ya kuwapitisha njiani. Tosca ameona kisu mezani, kati ya sahani. Anachoma. Mwandishi wa kawaida angefunga pazia hapo. Sardou anaendelea, karibu bila maneno: mwanamke anatafuta ile hati, anaiona, anaichukua. Ananawa vidole. Anataka kuondoka. Anarudi. Anachukua mishumaa, anaiweka pande mbili za maiti. Anatoa msalaba ukutani, anauweka kifuani pa maiti. Muuaji anamfanyia marehemu ibada, kwa sababu kabla ya kuwa muuaji alikuwa mcha Mungu, na jambo hilo tulishaoneshwa kanisani sehemu ya kwanza. Dakika kadhaa za kimya, na Bernhardt akiwa peke yake na maiti. Puccini alipoigeuza kuwa opera hakuthubutu kuligusa onyesho hilo. Aliweka muziki chini yake tu.

Puccini aliiomba hadithi hii kwa mara ya kwanza mwaka 1889, haki zikazunguka hapa na pale kabla ya kumfikia, na opera ikafunguliwa Roma tarehe 14 Januari 1900. Katikati ya hapo alikwenda Paris kumwona mzee. Aliandika barua mwanzoni mwa 1899 kuhusu kikao kimoja. Sardou alitaka Tosca ajirushe kutoka juu ya ngome aangukie mtoni, akachora mandhari ya Roma yenye mto Tiber ukipita kati ya kanisa la Mtakatifu Petro na ngome. Puccini, Mwitaliano, akamwambia mto haupiti hapo, uko upande wa pili, chini. Mzee, mtulivu kama samaki, akajibu kwamba hilo si kitu.

Huyo ndiye Sardou mzima. Mtu aliyejaza makabati na kumbukumbu za historia, aliyebishana na wataalamu juu ya mavazi na viti, mto ukiingiliana na onyesho lake, mto ndio unaohama.

Basi alipotelea wapi? Wengine watakwambia George Bernard Shaw ndiye aliyemzika. Ni kweli kwamba mwaka 1895, akiwa mhakiki London, Shaw aliiona Fédora na Gismonda akaandika kwa hasira ya kuchekesha, akatunga neno la kejeli, "Sardoodledom", akilalamika kwamba jukwaani hakuna watu, kuna posta tu, simu za maandishi, polisi na ratiba za treni. Lakini Sardou aliendelea kujaza kumbi miaka kumi na zaidi baada ya hapo. Alifariki tarehe 8 Novemba 1908 akiwa na miaka 77 na heshima zake zote. Kejeli haiui mchezo unaouza tiketi.

Kilichomuua ni vitu viwili, kwa maoni yangu. Cha kwanza ni kwamba aliandika kwa ajili ya miili. Onyesho la mishumaa halina maandishi ya kukariri. Lilikuwa ndani ya mabega ya Bernhardt. Waigizaji wale walipokufa, kilichobaki kwenye karatasi ni maelekezo. Cha pili ndicho nilichokidokeza mwanzo. Ibsen, mwandishi wa tamthilia wa Norwe, alipokuwa kijana anafanya kazi kwenye ukumbi wa Bergen, aliandaa michezo mingi ya Scribe, na mwaka 1879 alipoandika ile tamthilia ya mke anayeondoka nyumbani na kufunga mlango, aliiweka juu ya nini? Juu ya barua ndani ya sanduku lililofungwa, ambayo mume hajaisoma bado. Msuko ni uleule. Tofauti ni kwamba kwa Scribe na Sardou barua ikipatikana, tatizo limekwisha. Kwa Ibsen barua ikisomwa, tatizo ndiyo linaanza, kwa sababu mke amemwona mume ni mtu wa namna gani. Kisha opera ikachukua Tosca, na mtunzi wa opera Giordano akachukua Fédora na Madame Sans-Gêne. Sinema nayo ikachukua namna yote ya kubana watazamaji kwa kitu wanachokijua wao na asichokijua mhusika. Tamthilia za televisheni zinazokufanya uchelewe kulala zimejaa Sardou asiyetajwa jina.

Hapo kwenye "nyumba isiyo na mtu ndani", wahakiki walikuwa na haki kiasi. Wahusika wake wengi hawakai kichwani baada ya pazia. Scarpia ni mkatili tangu anaingia mpaka anatoka. Hakuna siku utakayojiuliza usiku alilelewa na nani. Suzanne wa Les Pattes de mouche na yule mfua nguo ndio ninaowakumbuka kama watu, na wote wawili, utaona, wanacheka.

Swali lako la tatu: msome. Lakini wewe ni wa redio, na hapa uwe mwangalifu, maana karibu kila kitu cha Sardou ni cha macho. Mishumaa haisikiki. Barua inayopita dirishani haisikiki. Ukimwiga kijuujuu utaishia na wahusika wanaosema, "Lo, naona unaficha barua nyuma yako!", na hilo msikilizaji wako hatakusamehe. Tafuta pale ambapo aliandika kwa ajili ya sikio. Mateso ya Mario hatuyaoni. Mlango umefungwa, Tosca yuko upande huu, na tunachopata ni sauti kutoka chumba cha pili na uso wa mwanamke anayesikiliza. Scarpia anauliza swali kwa upole, Tosca ananyamaza, mlio unatoka ndani, anauliza tena. Toa picha yote na mchezo umebaki mzima. Alikuwa ameandika redio kabla redio haijaundwa.

Kisha fanya zoezi lake, lile alilolifanya kwa Scribe. Tosca umeshaiona, haitakufaa, ndiyo maana Fédora nimeitaja bila kukusimulia kisa chake. Kifaransa kisipopanda tafuta tafsiri ya Kiingereza. Soma sehemu ya kwanza tu kati ya nne. Ni usiku, Saint Petersburg, majira ya baridi. Binti wa kifalme anaingia nyumbani kwa mchumba wake kumsubiri, hayupo. Anangoja. Analetwa akiwa amejeruhiwa vibaya, anaingizwa chumba cha ndani, na polisi wanaanza kuwahoji watumishi hapohapo sebuleni huku daktari akiingia na kutoka. Mmoja anakumbuka kwamba mchana ililetwa barua, ikawekwa kwenye droo. Wanafungua droo, haimo. Mwingine anakumbuka kijana aliyekuja, akakaa kidogo peke yake chumbani, akaondoka bila kuaga. Jina lake Loris Ipanoff. Polisi wanakimbilia kwake, ametoweka. Daktari anatoka chumba cha ndani kwa mara ya mwisho.

Funga kitabu hapo, usichungulie. Una droo tupu, mwanamke aliyefiwa, na jina moja. Andika sehemu tatu zilizobaki, za kusikika, kisha fungua ulinganishe. Na ukiona barua yako ilikuwa na maneno mazuri kuliko ya Sardou, niandikie.